Kulabu ya meno na kufuli la duka: kufuli hufanya kazi vipi, na ujilinde vipi

Somo la toleo hili linahusu kufuli. Limeandikwa kwa wenye maduka, wenye maduka ya dawa za binadamu na za mifugo, mawakala wa pesa za simu, vikundi vya wakulima vinavyofungia pampu zao kando ya mto, na vijana wanaojifunza ufundi. Mkaazi wa Kinna anayefunga mlango wa mabati jioni na kwenda nyumbani ameiachia kufuli moja mali ya mwaka mzima. Ni vyema ajue kilichomo ndani yake.

Tumechagua kuanza na kifaa ambacho wengi hawakitarajii: kile kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda ambacho daktari wa meno hutumia kuchunguza matundu. Hapa tutakiita kulabu ya meno. Kifaa hiki kimesambaa nje ya kliniki. Mafundi wa simu hukitumia kuchokonoa vumbi kwenye tundu la chaja, masonara hukitumia kusafishia nakshi, na seti zake mpya huuzwa mtandaoni kwa yeyote anayetaka. Baadhi ya watu pia hukinoa upya ili wafungulie kufuli lililopotelewa na ufunguo. Wengine wana nia nzuri, wengine hawana. Kwa hiyo maswali ni matatu: je, kulabu hiyo inafungua kufuli kweli? Sheria inasemaje ukikutwa nayo? Na je, ni salama kuishika?

Ndani ya kufuli

Kufuli la kawaida la shaba au chuma lina sehemu ya mviringo inayozunguka, yaani silinda, na ndani yake mna vitundu vilivyopangwa kwa mstari. Kila kitundu kina pini mbili, moja juu ya nyingine, na springi ndogo inayozisukuma. Ufunguo usipokuwemo, pini hizo huwa zimekaa nusu ndani ya silinda na nusu nje yake, kama komeo dogo, na silinda haiwezi kuzunguka. Ukiingiza ufunguo wake halisi, kila jino la ufunguo huinua jozi moja ya pini kwa kimo chake. Pini zote zikifika pale ambapo maungio yao yamelingana na ukingo wa silinda, silinda huwa huru, huzunguka, na kile chuma kilichopinda juu huachiwa.

Wazo hili si geni. Wamisri wa kale walikuwa na makufuli ya mbao yenye pini zinazoanguka kwa uzito wake, na ufunguo wa mbao wenye vijiti vya kuziinua. Linus Yale wa Marekani na mwanawe, ambaye pia aliitwa Linus Yale, ndio waliolifanya kuwa la chuma na dogo katika karne ya 19. Umbo tunalolijua leo, lenye ufunguo bapa wenye meno, lilitokana na kazi ya mwana katika miaka ya 1860. Kufuli ulilonunua sokoni wiki iliyopita ni mjukuu wa hilo.

Sasa tazama udhaifu wake. Kama vitundu vyote vingetobolewa kwa mstari mmoja kamili na kila pini ingejaza kitundu chake bila nafasi, isingewezekana kushughulika na pini moja peke yake. Lakini hakuna kiwanda kinachotoboa hivyo. Daima kuna nafasi ndogo, na kwenye kufuli la bei ya chini nafasi hiyo ni kubwa zaidi. Nafasi hiyo ndiyo humwezesha mtu aliyezoea kuhisi pini moja moja kwa kijiti chembamba na kuziinua bila ufunguo. Hakuna uchawi wala kipaji cha ajabu. Ni chuma kilichotengenezwa kwa haraka kukutana na mkono wenye subira.

Kwa nini tunaeleza jambo hili waziwazi? Swali hilo lina historia yake. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu mjini London, fundi Mmarekani aliyeitwa Alfred Charles Hobbs alifungua hadharani kufuli la kampuni ya Chubb ambalo Waingereza waliliamini sana. Kisha akakabiliana na kufuli la Bramah, lililokuwa limewekwa kwenye dirisha la duka pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilikuwa limekaa kwa zaidi ya miaka 60. Hobbs alitumia takriban saa 51 zilizotawanywa katika siku 16, akalifungua. Wapo waliolalamika kwamba anawafundisha wezi. Jibu lake lilikuwa kwamba wezi wanaijua kazi yao tayari, na asiyejua ni mnunuzi. Nasi tunakubaliana naye, ingawa hatutaeleza jinsi ya kunoa kulabu wala jinsi ya kuitumia. Mwenye duka hahitaji hilo ili achague kufuli zuri.

Kulabu ya meno inafaa?

Kwa kufuli hafifu, ndiyo, inaweza kufanya kazi, kama vile waya wowote mwembamba na mgumu unavyoweza. Ina mpini mzuri na chuma chake hakishiki kutu. Lakini sifa yake imepita uwezo wake. Ncha yake ilitengenezwa iwe kali kama sindano ili ikwame kwenye tundu dogo la jino. Kwenye pini ya mviringo ncha kali huteleza. Mkunjo wake ni mpana kuliko njia ya ufunguo ya makufuli mengi. Zaidi ya hayo, chuma hicho kimekaushwa kiwe kigumu, na chuma kigumu kilicho chembamba hakipindi, hukatika. Kipande kikikatikia ndani, ufunguo halisi nao hauingii tena, na mwenye nyumba aliyetaka kuokoa bei ya kufuli hulazimika kulikata kwa msumeno na kununua jingine.

Hapo pana somo kwa vijana wa karakana pia. Ukinoa chuma cha aina hii kwenye mashine bila kukipoza, ncha hubadilika rangi na ugumu wake hubadilika pamoja nayo. Ndiyo maana patasi au kisu kizuri kilichonolewa vibaya hakishiki makali tena. Chovya kwenye maji mara kwa mara, na vaa miwani ya kukinga macho. Kipande kidogo cha chuma kinachoruka kutoka kwenye jiwe la kunolea hakichagui.

Lakini tuseme ukweli kuhusu hatari yenyewe. Mwizi wa usiku kwenye duka la mabati mara chache ana haja ya kulabu. Kufungua kufuli kwa kijiti kunahitaji mwanga, utulivu na muda. Kung'oa misumari ya bati kwa nondo kunahitaji dakika chache. Kukata pete nyembamba ambayo kufuli limepitishwa, hata kidogo kuliko hizo. Tumeona milango yenye kufuli zito la bei kubwa lililofungwa kwenye pete zilizochomelewa kwa vidoa viwili, na bawaba zikiwa nje ambapo yeyote anaweza kuzichomoa. Mwenye mlango kama huo amenunua usingizi tu.

Ununue nini

Anza na mlango, kisha kufuli. Pete zichomelewe mshono mzima kwa pande zote mbili, ziwe nene angalau kama chuma cha kufuli chenyewe. Bawaba ziwe ndani, au pini zake zichomelewe zisitoke. Bati la ukuta lililo karibu na mlango lifungwe kwa boliti zenye nati upande wa ndani badala ya misumari ya kawaida. Hii ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji, na inaokoa zaidi kuliko kufuli lolote.

Kwa kufuli lenyewe, uliza lina pini ngapi. Mengi ya bei ya chini yana tatu au nne. Tafuta lenye tano au zaidi. Hesabu ifuatayo, ambayo mwanafunzi wa darasa la nane anaweza kuifanya, inaonyesha sababu. Tuseme kila pini inaweza kuwa na kimo cha aina 4, na kufuli lina pini 3. Funguo tofauti zinazowezekana ni 4 × 4 × 4, yaani 64 tu. Tuseme sasa pini ni 5 na vimo ni 6: 6 × 6 × 6 × 6 × 6 ni 7,776. Kiwandani idadi halisi hupungua kidogo kwa sababu mipangilio mingine haifai kutumika, lakini tofauti ni hiyohiyo. Makufuli ya aina ya kwanza yakiuzwa kwa maelfu, ni lazima ufunguo wa jirani yako ufungue kufuli la mtu mwingine mahali fulani, na huenda mahali hapo ni Kinna. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka la vifaa akuruhusu ujaribu funguo za makufuli mawili au matatu mengine ya katoni ileile. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Ufunguo mmoja ukifungua mawili, rudisha yote.

Jambo jingine la kuangalia ni namna chuma cha juu kinavyoshikwa. Makufuli yanayojifunga yenyewe unapoyabana, bila ufunguo, kwa kawaida hushikwa na kibao kidogo chenye springi, na hicho ndicho dhaifu. Yale yanayoshikwa na gololi mbili za chuma, moja kila upande, ni imara zaidi; mara nyingi huandikwa kwenye pakiti. Chuma cha juu kikiwa kifupi, kiasi kwamba hakibakishi nafasi ya kupitisha nondo kati yake na pete, ni bora zaidi. Ulaya kuna kipimo cha makufuli kinachoitwa EN 12320, chenye daraja la 1 hadi la 6. Ukikuta namba hiyo kwenye pakiti, daraja la 3 kwenda juu linafaa kwa duka. Jihadhari tu, kwa kuwa maandishi kwenye pakiti ni rahisi kuyaiga kuliko chuma.

Kwa milango ya mbao ya nyumba na ofisi, wengi hutumia kitasa kinachochimbiwa ndani ya mlango. Hicho hakina pini bali vibamba, ambavyo mafundi huviita liva. Vyenye liva tatu vinafaa milango ya ndani. Mlango wa nje upewe kitasa cha liva tano.

Kisha kuna vumbi letu. Barabara ya Maua kuja Kinna na kwenda Garbatulla inajulikana, na kufuli linaloning'inia kando yake hula vumbi kila siku. Wengi hutia mafuta ya kupikia au grisi pindi ufunguo unapokwama. Kwa siku mbili kufuli huwa laini, kisha vumbi hushikana na mafuta na kuwa matope yanayozuia pini kushuka. Kufuli la namna hiyo hukwama siku ya haja, na pini zilizokwama juu hurahisisha kazi ya mwizi. Tumia unga wa penseli. Kwangua ncha ya penseli laini juu ya meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache. Kwa kufuli la pampu linalokaa nje, funika tundu la ufunguo kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya, Sura ya 63, iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 308 kinasema kwamba mtu aliye nje ya makaazi yake akiwa na kifaa cha kutumiwa katika uvunjaji wa nyumba, wizi au ulaghai ametenda kosa kubwa. Kama hajawahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa linalohusu mali, anaweza kufungwa hadi miaka 5; kama amewahi, hadi miaka 10. Si lazima awe amefungua mlango wowote. Na kifungu hichohicho kinaongeza kwamba kifaa kilichotengenezwa au kubadilishwa kwa ajili ya kazi hiyo, kukutwa nacho tu ni ushahidi kwamba ulikusudia kukitumia hivyo.

Hapo ndipo kulabu ya meno inapokuwa mtego kwa kijana asiyekuwa na nia mbaya. Kulabu ikiwa katika hali yake ya asili, ndani ya sanduku la fundi wa simu, inajieleza. Kulabu hiyohiyo ikinolewa upya na kubebwa mfukoni usiku inaeleza jambo jingine, na ni wewe utakayepaswa kumweleza hakimu. Tunawaomba wazazi walisikie hili. Mtoto aliyeona video kwenye simu na kujitengenezea kifaa kwa kutaka kujua tu, anaweza kujifunza juu ya meza nyumbani kwa kufuli lake mwenyewe bila kuvunja sheria. Akikibeba sokoni, mambo hubadilika.

Adhabu za uvunjaji wenyewe ni hizi: kuvunja na kuingia nyumba ya watu mchana, hadi miaka 7, usiku, hadi miaka 10. Kisheria usiku huanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kuisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuvunja duka, ghala au shule na kutenda kosa kubwa ndani yake ni hadi miaka 7.

Fundi anayefungua makufuli kwa malipo ana kazi halali, na Kinna inamhitaji. Ila ajilinde. Asifungue mlango wa mtu asiyemjua bila kuona kitambulisho chake, na asifungue bila shahidi: mwenye nyumba ya kupanga, mzee wa Nyumba Kumi au jirani wa karibu. Aandike kwenye daftari jina, tarehe, mahali na namba ya simu, mteja atie sahihi. Mteja akikasirika kwa kuombwa hayo, fundi aache kazi hiyo. Anayetaka cheti cha ufundi wa uchomeleaji au useremala, ambazo ndizo kazi za milango, aulize katika chuo cha ufundi kuhusu mitihani ya daraja ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Cheti humsaidia kueleza kilichomo kwenye sanduku lake barabarani.

Kulabu ilitoka wapi

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Kulabu mpya kutoka kwenye pakiti haina shida. Kulabu iliyookotwa jalalani, au iliyouzwa na mtu asiyeeleza alikoipata, ni jambo jingine kabisa. Ilikuwa kinywani mwa mtu, na imegusa damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka na haionekani. Kliniki huua vijidudu kwenye vifaa hivi kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Kupangusa kwa kitambaa chenye spiriti hakufanyi kazi hiyo.

Katika kituo cha afya, vitu vyenye ncha kali vinavyotupwa huingia kwenye sanduku maalumu lisilotoboka, ambalo hufungwa likifika robo tatu na kupelekwa kuchomwa. Ukiona kulabu, sindano au visu vya hospitali jalalani au njiani, usiviokote kwa mkono na usimtume mtoto. Weka alama mahali pale na umjulishe afisa wa afya ya umma au mhudumu wa afya wa jamii. Vifaa vya hospitali za serikali vilivyochakaa navyo vina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015. Mfanyakazi hawezi tu kuvitia mfukoni na kuviuza, na anayevinunua kwake ananunua mali ya umma.

Ukichomwa na kifaa cha namna hiyo, osha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni. Usikamue damu. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ukihitaji dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya ukimwi, zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B. Kutoka Kinna, kama kituo kilicho karibu hakina dawa hizo, utaelekezwa hospitali ya Garbatulla au hospitali ya rufaa ya Isiolo, kwa hiyo usingoje kesho.

Ukikuta duka limefunguliwa

Watu wengi hukosea hapa. Huingia mara moja kuhesabu bidhaa, na kufuli la zamani hulitupa. Usiingie. Piga 999 au 112, au mtume mtu kituo cha polisi, na usimame nje. Kufuli lenyewe ni ushahidi. Lililokatwa linaonyesha alama za kifaa kilicholikata. Lililofunguliwa bila kuvunjwa linaweza kuonekana zima, lakini ndani, pini zake za shaba huwa na mikwaruzo isiyofanana na njia ambayo ufunguo huipitia kila siku, na mpelelezi anayelifungua anaweza kuiona. Kama hakuna mikwaruzo, uchunguzi huelekea kwa mtu mwenye nakala ya ufunguo, na hapo polisi watakuuliza ni nani amewahi kuushika: mfanyakazi aliyeondoka, mpangaji wa zamani, kinyozi aliyekuwa humo kabla yako. Andika majina hayo mapema. Usichomeke ufunguo kwenye kufuli hilo kujaribu kama bado linafanya kazi. Litie kwenye bahasha ya karatasi, lipeleke kituoni, na uchukue namba ya OB kabla ya kuondoka.